Mwangwi wa Karatu Husikika Dar es Salaam

Miaka michache iliyopita walimu wa sayansi wa shule za sekondari za Karatu na Ngorongoro walikusanyika katika ukumbi mmoja mjini Karatu kwa mafunzo ya siku mbili. Wakufunzi wao walikuwa Dar es Salaam, na pande hizo mbili ziliunganishwa kwa mtandao wa kompyuta. Ukumbi ulikuwa mpya. Sakafu yake ilikuwa ya vigae vinavyong'aa, na ukuta mmoja ulikuwa karibu wote kioo, ili wageni wapate kutazama mashamba yakipanda kuelekea msitu wa Ngorongoro. Maikrofoni nane zilipangwa mezani, na spika nne zikaning'inia darini. Mimi nilialikwa nitoe somo la alasiri.

Hazikupita dakika tano, mkufunzi wa Dar es Salaam akakatiza maneno yake. "Jamani, najisikia mwenyewe mara mbili. Karatu, tafadhali zimeni maiki zenu." Maiki zikazimwa, na mwangwi ukakoma papo hapo. Lakini kila mwalimu wa Karatu alipotaka kuuliza, ilibidi maiki iwashwe. Ilipowashwa mwangwi ulirudi, mkufunzi akababaika, na amri ikatolewa upya. Kufikia saa sita mchana hapakuwa na aliyeuliza tena. Mwalimu mmoja, mama wa makamo aliyetoka upande wa Endulen na kupita lango la Loduare alfajiri kabla ukungu haujainuka, alikuwa ameandika swali lake katika karatasi. Nilimwona akiikunja karatasi ile na kuirudisha katika jalada.

Kila aliyekuwapo aliamini kwamba mtandao wa Karatu ni mbovu. Haikuwa kweli. Mtandao ulifanya kazi yake vizuri. Ulichukua kwa uaminifu kila kilichoingia katika maikrofoni na kukifikisha Dar es Salaam. Kosa lilikuwa ndani ya ukumbi, na nusu yake ni fizikia ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifuata. Makala haya yatajaribu kuieleza.

Kwanza, neno moja kuhusu lugha. Neno letu "kipaza sauti" limebebeshwa kazi mbili: wengine huita hivyo kile tunachosemea, na wengine kile kinachotoa sauti. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna madhara. Hapa madhara yapo, kwa sababu tatizo lote linatokana na vitu hivyo viwili kukaa chumba kimoja. Basi nitasema maikrofoni, au maiki kama wasemavyo mafundi, kwa kile kinachosikia, na spika kwa kile kinachosema.

MWANGWI WA AINA TATU

Vitabu vya shule hutufundisha kwamba sikio hutenganisha milio miwili ikiwa imepishana kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 15 za Selsiasi. Kwa hiyo anayepiga makofi mbele ya ukuta sharti asimame mita 17 hivi kutoka ukutani ili asikie mwangwi ulio mbali na kofi lenyewe. Wanafunzi wengi hudhani kwamba milimani, ambako hewa ni nyepesi, sauti huenda polepole zaidi. Sivyo. Wepesi wa hewa peke yake haubadili kasi ya sauti. Kinachoibadili ni joto. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ulio mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, una sauti ya polepole kidogo kuliko Dar es Salaam kwa sababu kuna baridi zaidi.

Na ukisimama ukingoni pale ukapaza sauti, je, utajibiwa na ukuta wa ng'ambo? Kreta ina upana wa kilomita 16 hadi 19, na kina cha mita 600 hivi. Kwa upana wa kilomita 19, sauti ingelazimika kwenda na kurudi kilomita 38, safari ya karibu dakika mbili. Wakati huo wote ingekuwa ikitawanyika na kumezwa na hewa, hata kusingebaki cha kusikia. Huo ndio mwangwi wa aina ya kwanza, wa nafasi kubwa, nao hautuhusu sana ukumbini.

Aina ya pili ni ule unaosikika katika chumba kitupu: maneno hayarudi moja moja, bali yanavuma na kuburutana mikia. Sauti hugonga kuta mara nyingi ndani ya muda mfupi, na sikio haliwezi kutenganisha marudio hayo. Nitauita mvumo.

Aina ya tatu ni ile iliyomsumbua mkufunzi wetu. Sauti yake ilitoka Dar es Salaam, ikafika Karatu, ikatokea katika spika za darini, ikaingia katika maiki za mezani pamoja na kila kishindo cha ukumbi, ikarudishwa kwake. Waya wa nuru husafirisha habari karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo umbali wenyewe wa Dar es Salaam na Karatu si kitu. Lakini kompyuta huchukua muda kuifunga sauti katika vifurushi, kuvisubiri vilivyochelewa na kuvifungua tena, na safari nzima mara nyingi hufikia sehemu moja au mbili za kumi za sekunde kwa kila upande. Maneno ya mkufunzi yalimrudia baada ya muda wa kutosha kumchanganya kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza hata watu wenye elimu: asikiaye mwangwi siye anayeusababisha. Mkufunzi alijisikia mara mbili kwa sababu ya ukumbi wa Karatu. Sisi wa Karatu hatukusikia kitu, na kwa hiyo tuliamini kwamba kwetu mambo ni shwari. Fundi anayetafuta kasoro katika chumba chenye malalamiko anatafuta mahali pasipo pake.

DERSA LA SETILAITI

Tatizo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Setilaiti ya mawasiliano ya Intelsat I, iliyopewa jina la utani Early Bird, ilirushwa mwaka 1965, na kituo cha Longonot nchini Kenya kilianza kazi mwaka 1970, wakati huduma za simu za nchi zetu tatu zilipokuwa bado chini ya Jumuiya moja. Setilaiti kama hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sauti hupanda na kushuka zaidi ya kilomita 71,000, safari ya karibu robo sekunde, na mwangwi hurudi baada ya nusu sekunde. Siku zile mwangwi haukutoka chumbani, bali katika maungio ya nyaya za simu zenyewe, lakini mateso ya msikilizaji yalikuwa yale yale.

Dawa ya zamani ilikuwa ni swichi. Mtu wa upande mmoja akisema, chombo kinaufunga upande wa pili. Huyu akinyamaza, kinafungua. Mwangwi ulikoma, lakini mazungumzo nayo yalikatika, maana hapakuwa na nafasi ya kumkatiza mwenzako, kuitikia "naam", wala kusema "subiri kidogo". Msomaji ataona kwamba amri ya "zimeni maiki" ni swichi ile ile ya zamani, isipokuwa kwamba inashikwa kwa mkono, na kwamba daima inafungwa upande wa wanafunzi.

Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walikuja na wazo tofauti, na mwaka 1967 mmoja wao, Man Mohan Sondhi, mzaliwa wa India, alichapisha maelezo yake kamili. Walisema: kwa nini tuufunge mlango? Sauti iliyotoka kwa mgeni tunaijua, kwa sababu imepita mikononi mwetu kabla ya kufika kwenye spika. Tukiweza kujua jinsi chumba kinavyoibadili, twaweza kukadiria mwangwi utakaoingia katika maiki na kuutoa kwa hesabu ya kutoa. Kitakachobaki ni sauti ya watu wa chumbani peke yake.

HESABU YA KIFUTA MWANGWI

Ugumu ni kwamba hakuna ajuaye mapema jinsi chumba kinavyoibadili sauti. Mtu akivuta kiti au akifungua dirisha, chumba kimekwisha kuwa kingine. Kwa hiyo chombo sharti kijifunze chenyewe, na kiendelee kujifunza. Kanuni yake ilitolewa na Bernard Widrow na Marcian Hoff huko Stanford mwaka 1960, nayo ni rahisi kiasi cha kufanywa ubaoni.

Tuchukue chumba cha kubuni ambacho kazi yake yote ni kurudisha sehemu 0.6 ya sauti ya spika. Chombo hakiijui namba hiyo. Kinaanza na kisio la 0. Mgeni anatoa sauti yenye kimo cha 2. Maiki inapokea 1.2. Chombo kilikisia 0, hivyo kosa lake ni 1.2. Kanuni yasema: kisio jipya ni kisio la zamani, jumlisha kosa mara sauti mara hatua ndogo, tuseme 0.1. Basi 0.1 mara 1.2 mara 2 ni 0.24. Sauti ya pili ni hasi 1. Maiki inapokea hasi 0.6, chombo kilitarajia hasi 0.24, kosa ni hasi 0.36, na kisio jipya ni 0.276. Sauti ya tatu ni 3. Maiki inapokea 1.8, kilitarajiwa 0.828, kosa ni 0.972, na kisio linakuwa 0.5676. Kwa hatua tatu tu tumeikaribia 0.6. Mwalimu awape wanafunzi kazi ya kuendelea, kisha awaambie waanze upya kwa kutumia hatua ya 1 badala ya 0.1. Wataona kisio likiruka kutoka 0 hadi 2.4, yaani mara nne ya lile la kweli. Chombo chenye pupa hakijifunzi.

Awape pia zoezi la pili. Katika hatua ya tatu, mtu wa chumbani naye aseme, na sauti yake iongeze 2 katika maiki. Chombo kitahesabu ile 2 kuwa ni kosa lake na kujirekebisha kwa kufuata jambo lisilohusika. Ndiyo maana vifuta mwangwi vizuri huacha kujifunza kwa muda pande zote mbili zinaposema pamoja, na hutumia yale vilivyokwisha kujifunza.

Chumba halisi hakina namba moja bali maelfu. Sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na ikiwa chombo kitafuatilia mwangwi kwa urefu wa sehemu mbili za kumi za sekunde, kinahitaji kukisia namba 9,600. Kufanya hesabu hizo moja moja, mara ya kutabiri na mara ya kujirekebisha, ni kuzidisha karibu mara milioni 920 kila sekunde, kwa maiki moja tu. Wahandisi huupunguza mzigo huo kwa njia za Fourier, lakini bado msomaji ataelewa kwa nini vyombo hivi vilikuwa adimu na ghali kwa miaka mingi baada ya mwaka 1967.

UKUMBI KWANZA

Baada ya mafunzo kwisha, fundi wa ukumbi, kijana msikivu sana, alinifuata. "Shikamoo, Dokta. Ninunue maiki za aina gani?" Nilimwambia asinunue kitu. Nilimwomba kipimo cha urefu.

Ukumbi ulikuwa na urefu wa mita 12, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3.5, yaani mita za ujazo 336. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa kazi ya kutengeneza chumba cha mihadhara ambamo neno lilivuma zaidi ya sekunde tano. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya, kwa filimbi ya kinanda, saa, na mito ya viti aliyoibeba kutoka jumba la jirani. Alitumia dirisha lililo wazi kuwa kipimo cha unyonyaji wa sauti, kwa kuwa sauti ipitayo dirishani hairudi. Kanuni yake ni hii: chukua ujazo wa chumba kwa mita, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya unyonyaji. Jibu ni sekunde ambazo nguvu ya sauti huchukua kupungua hadi sehemu moja ya milioni.

Nyuso zote za ukumbi wetu zilikuwa na mita za mraba 332. Vigae, plasta na kioo hunyonya kidogo mno. Kwa wastani nilikadiria asilimia 5, yaani 16.6. Watu 20 walioketi huongeza kama 9, kwa sababu nguo na miili hunyonya sauti. Jumla ni 25.6, na mvumo ni sekunde 2.1. Kwa mikutano ya namna hii inatakiwa nusu sekunde hivi.

Sasa tuunganishe jambo hili na kifuta mwangwi. Katika sehemu mbili za kumi za sekunde ambazo chombo kinaweza kuzifuatilia, sauti katika ukumbi ule hupungua kwa desibeli 5.7 tu, zaidi ya robo ya nguvu yake bado inavuma wakati chombo kimekwisha kufika mwisho wa uwezo wake. Hakuna mpangilio wa mitambo utakaoliondoa salio hilo. Mvumo ukishushwa hadi karibu nusu sekunde, upungufu katika muda ule ule unakuwa desibeli 23, na salio linakuwa sehemu moja ya mia mbili.

Tulitundika mapazia mazito yenye mikunjo mbele ya kioo, mita za mraba 30, na kutandika zulia la mita 60. Kwa makadirio yangu mvumo ulishuka hadi sekunde 1.1 hivi. Kilichomalizia kazi ni dari: ilibadilishwa kwa vibao laini vya kunyonya sauti, na hesabu ikatupa karibu sekunde 0.5. Mwenye ukumbi alilalamikia gharama ya dari, nami sikumlaumu. Aliniuliza kama trei za mayai hazitoshi, kama alivyoona katika studio fulani. Trei za mayai hunyonya kidogo tu, na sauti nzito karibu haziigusi; tena ni kuni kavu juu ya vichwa vya watu. Kitenge au shuka nyepesi nazo hazifai. Kinachohitajika ni unene ambamo hewa hupenya na kusuguana.

MAIKI ZA MTANDAO

Siku hizi maiki za ukumbi mpya hazina waya wa kizamani unaokwenda kwenye kikuza sauti. Kila moja huunganishwa na swichi ya mtandao kwa waya ule ule wa kompyuta, na waya huo huchukua sauti kwenda na umeme kuja. Katika kioo cha kompyuta fundi huona jedwali la miraba: vitoa sauti vimepangwa upande mmoja, vipokea sauti upande mwingine, na alama huwekwa panapotakiwa kuungana. Ni njia nzuri, lakini ina hatari yake. Zamani waya uliosahauliwa ulionekana kwa macho. Katika jedwali, mraba mtupu unafanana na miraba mingine mia.

Hapo ndipo tulipoikuta nusu ya pili ya kosa. Kifuta mwangwi cha Karatu kilikuwa kimewashwa, na taa yake ya kijani iliwaka. Lakini chombo hufanya kazi kwa kulinganisha, hivyo ni lazima kipewe nakala ya sauti ya mgeni inayopelekwa kwenye spika, sauti ya rejea. Mraba wa rejea ulikuwa mtupu. Chombo kilisubiri siku nzima kupewa kitu cha kufuta.

Fundi aliujaza haraka, na tukapata kosa jipya. Alikuwa amechukua rejea kutoka mchanganyiko wote uliokwenda kwenye spika, na katika mchanganyiko huo zilikuwamo pia sauti za maiki za ukumbini, alizoziweka ili walioketi nyuma wasikie. Basi chombo kikaziona sauti za walimu wa Karatu kuwa ni mwangwi, kikaanza kuzikatakata. Rejea sharti iwe na sauti ya mbali peke yake. Na kinachotumwa Dar es Salaam sharti kiwe na kila kitu isipokuwa kilichotoka Dar es Salaam. Sentensi hizi mbili ningependa kuziona zimebandikwa ndani ya kabati la mitambo la kila ukumbi.

Kila maiki huhitaji kifuta mwangwi chake, kwa sababu kila moja inakisikia chumba kutoka mahali pake. Kusafisha mchanganyiko wa maiki nane baada ya kuchanganywa ni kujifunza chumba kinachohamahama kila mtu anapoanza kusema. Kwa sababu hiyo hiyo, mashine mbili za kufuta mwangwi zisifuatane. Kompyuta iliyounganisha mkutano nayo ilikuwa na ya kwake, na ya pili ilikimbizana na mabadiliko ya ya kwanza. Tuliizima ya kompyuta.

Lipo pia suala la saa. Vyombo vyote vya mtandao wa sauti hufuata saa moja, na huchagua vyenyewe ni kipi kiongoze. Lakini kompyuta iliyoungwa pembeni inaweza kuhesabu kwa saa yake. Tuseme saa mbili zinapishana kwa sehemu 50 tu katika milioni. Kwa vipimo 48,000 kwa sekunde huo ni upotevu wa vipimo 2.4 kila sekunde, na 144 kila dakika. Chombo kinachojifunza chumba kitaona kana kwamba kuta zinasogea bila kukoma. Mjini Karatu umeme ukikatika na jenereta ikawaka, vyombo huanza upya na kuchagua kiongozi upya, na si lazima achaguliwe yule yule. Fundi amweke kiongozi wa kudumu, na akitie mitambo kwenye betri ya akiba. Hali kadhalika azime ile tabia ya baadhi ya swichi ya kusinzia ili kuokoa umeme, maana huvuruga mwendo wa saa.

Mengine ni ya kawaida. Msemaji akiwa mita mbili kutoka kwenye maiki badala ya nusu mita, sauti yake imepungua desibeli 12, na mwangwi haukupungua hata kidogo. Maiki nane zikiachwa wazi zote, kelele za chumba huongezeka kwa desibeli 9 kuliko moja. Kwa hiyo iwekwe ile njia ya kufungua maiki ya anayesema tu, baada ya kifuta mwangwi, si kabla yake.

Jambo moja nilimwonya fundi kwa uzito. Mitambo hii huja na kipunguza kelele, ambacho hutambua milio mifupi mikali, kama ya vibonye vya kompyuta, na kuifuta. Karibu na Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko, sauti zinazopigwa kwa ulimi na kupasuka kwa kishindo kifupi. Yanipasa kuamini kwamba waliobuni kipunguza kelele hawakuwa na lugha hiyo mawazoni. Ukumbi wa Karatu utakaoendesha mkutano ambamo Mhadzabe anasema kwa lugha yake, au kusikiliza ushahidi kwa video kama mahakama zetu zifanyavyo siku hizi, ujaribu kwanza kwa sauti yake mwenyewe kipunguza kelele kikiwa kimezimwa, kisha kikiwa kimewashwa.

JARIBIO

Tulipomaliza, tulifanya jaribio ambalo shule yoyote yenye kompyuta mbili yaweza kulifanya. Mwenzangu wa Dar es Salaam alihesabu moja hadi ishirini, nasi tukanyamaza; alisikiliza kama namba zinamrudia. Mbili tatu za kwanza zilirudi kwa unyonge, kisha zikatoweka: chombo kilikuwa kikijifunza. Halafu tulihesabu pande zote mbili kwa pamoja, yeye kwa kwenda mbele, sisi kwa kurudi nyuma. Kila mmoja alimsikia mwenzake. Mwisho nilimwomba fundi ahamishe meza wakati wa kuhesabu. Mwangwi ulichungulia kwa sekunde moja hivi, ukaondoka.

Awamu ya pili ya mafunzo ilifanyika katika ukumbi ule ule. Mama yule wa Endulen alikuja na jalada lake, na safari hii aliusogeza mkono wa maiki karibu naye bila kuambiwa. Swali lake lilihusu vijana wake wa kidato cha pili, ambao wengi wao huchunga. Walikuwa wamemwuliza kwa nini kengele za ng'ombe wa boma la mbali husikika wazi alfajiri yenye baridi, lakini mchana, upepo ukiwa umetulia vile vile, hazisikiki kabisa. Kitabu kilisema sauti huenda kasi zaidi penye joto; je, basi mchana haukupasa kuzisogeza karibu zaidi?

Mkufunzi alianza kueleza kwamba alfajiri hewa iliyo karibu na ardhi ni baridi kuliko ile ya juu, hivyo upande wa juu wa wimbi hutangulia, na wimbi zima hujipinda kurudi chini kwa msikilizaji; mchana mambo hugeuka, wimbi likajipinda kwenda juu na kumruka. Kabla hajamaliza, mama alimkatiza kuuliza itakuwaje kwa boma lililo juu ya kilima. Mkufunzi akasema, "Naam, ngoja," akaanza upya na mchoro mwingine. Walibishana kwa dakika kumi na mbili, mara kadhaa wakisema wote wawili kwa pamoja, na walimu wa pande zote mbili wakawa wanachora.